Jike, Amezaa

Jumatano, 5 Juni
Imepangwa. Jumamosi saa kumi naongea na shangazi yake Fidel, kwa video. Yeye ndiye aliyemlea, na bila yeye kuniona hakuna posa itakayotoka kwao. Yuko Tabora, miguu inamsumbua, safari ya kuja Ifakara haiwezi. Nitapigia kazini, mtandao wa kule haukatikikatiki. Fidel anasema nisiwe na hofu, shangazi anapenda watu wakweli. Basi mimi ndiye. Sijui kudanganya hata umri.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemaliza! Nimevaa kitenge cha bluu, nikajipodoa, nikakaa mbele ya laptop ya maabara, pembeni ya hadubini yangu. Kile kipicha changu kidogo cha pembeni ya skrini nikakificha, maana nikijiona naanza kurekebisha kilemba. Shangazi nilimwona vizuri, mama mnene, mpole. Nikampa shikamoo huku nimeinamisha kichwa kwa adabu zote.

Akavaa miwani. Akasogea karibu na simu yake, akasoma kitu kwa midomo. Kisha akasema, kwa upole mno, mwanangu nimeona, wala usijisumbue kueleza. Akanibariki na kukata.

Nimeona! Kitenge kimefanya kazi yake.

Jumapili, 9 Juni
Sijui nicheke au nilie.

Fidel kachelewa, alipitia kijijini Mkula. Kila Jumapili Mkula, kila Jumapili mkungu wa ndizi. Sijapata kuona mwanaume anayependa ndizi namna hii. Kakaa, kamenya moja, ndipo ananiambia shangazi hakuona uso wangu kabisa.

Aliona picha kama ya altrasaundi. Chini yake maandishi: JIKE. AMEZAA.

Nilishika kichwa. Hiyo ni kazi yangu ya Ijumaa! Mimi napasua mbu majike na kuangalia kizazi, kama amewahi kutaga au bado. Pale kazini tunaandika tu amezaa, hajazaa. Hadubini ina kamera yake, imechomekwa kwenye laptop hiyohiyo. Kumbe programu ya simu ilichukua kamera ya hadubini, ikaniacha mimi nainamisha kichwa mbele ya kamera isiyotumika. Shikamoo yangu yote kaitoa mbu.

Na shangazi kaelewa hivi: binti ana mtoto, kaona aibu kutamka, kwa heshima akaonyesha vipimo vya hospitali. Kanisifu kwa Fidel kwamba nina malezi. Ila kalalamika, hao madaktari wa Ifakara wana lugha gani, kumwita binti wa watu jike.

Nikamwambia Fidel ampigie sasa hivi, aeleze. Akasema kajaribu, shangazi kamjibu kwamba mtoto hakataliwi. Hajakasirika hata kidogo. Kwanza kama amefurahi. Anataka Jumamosi tuongee tena, Fidel awepo, na mjukuu awepo.

Fidel mwenyewe ametulia mno. Nimemuuliza kama na yeye ameamini. Kasema yeye hajasema kitu. Jibu hilo limeniuma, nimeinuka nikaosha vyombo.

Jumatatu, 10 Juni
Nimechomoa waya wa hadubini. Nikafungua programu: kamera haipatikani. Nikachomeka: mbu. Nikachomoa: haipatikani. Nikazima, nikawasha. Mbu.

Alhamisi, 13 Juni
Martin, fundi wetu wa kompyuta, hatimaye kaja. Kaniuliza kama nimeingia kwenye mipangilio. Sijaingia. Kasema kamera zikiwa mbili programu haijui unamtaka nani, lazima umchagulie, ukiiachia inakwenda na ileile ya mwisho. Tukafungua orodha: kamera ya hadubini, kamera ya laptop. Nikachagua ya laptop. Giza.

Martin akasema labda programu ya hadubini imezing'ang'ania zote. Tukaifunga. Giza. Akasema labda dereva, ile programu inayoendesha kamera. Akapakua dereva, tukanywa chai, giza. Akaanza kuongelea kununua laptop mpya. Ndipo akainama, akakwangua juu ya kioo kwa ukucha. Plasta! Niliibandika mwenyewe mwaka jana baada ya ile semina ya usalama wa mitandaoni, tuliambiwa kuna watu wanatuchungulia.

Uso wangu ukatokea. Martin kasema heri yule mbu. Mshenzi. Nimemnunulia vitumbua.

Jumamosi, 15 Juni
Naandika nikiwa stoo, kati ya vyandarua. Simu bado inaendelea kule maabara.

Kamera imechagua mtu. Shangazi kaniona, kanisifu macho, kapokea shikamoo yangu mwenyewe. Akauliza, na mjukuu wangu hajambo? Nikamweleza yote, nikamwinulia hata kioo chenye mbu. Akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Na mimi nikacheka. Fidel pembeni yangu hakucheka.

Kisha shangazi akatulia. Akasema, "Kwa hiyo wewe mwanangu huna mtoto kabisa?"

Nikasema sina, shangazi.

"Haya. Fidel, baba, sasa yule mtoto wako wa Mkula, mwenzio utamwambiaje? Mimi nilishafurahi kwamba mmelingana."

Ndizi! Ndizi zote zile!

Fidel akasogeza kiti taratibu mpaka akatoka kwenye picha. Nikaigeuza laptop mpaka akarudi katikati, sawasawa, nikasimama nikaja huku. Ningependa kujua jina la huyo mtoto, na sitaki kumuuliza yeye.

Namsikia anasema mtandao unasumbua, shangazi, haonekani vizuri.

Shangazi anasema yeye anamwona vizuri kabisa.