Kibao cha Amoit

Moding, karibu na Malaba

Mamangu mpendwa,

Habari za hapo Voi? Magoti yamepunguza kukusumbua, na mvua imefika shambani? Mimi mwili ni mzima, lakini nimekasirika, mama, na nisipokuambia wewe nitamfokea mtu asiyehusika.

Unajua nafundisha Kiingereza darasa la sita. Muhula huu niliwafundisha watoto kufupisha: "I am" inakuwa "I'm", "we are" inakuwa "we're". Niliwaambia maana ni ile ile, ni ulimi tu unaunganisha, kama sisi tunavyosema mamangu badala ya mama yangu. Walifurahi hao! Madereva wa malori pale mpakani huongea hivyo, basi wakajiona nao ni watu wa safari.

Siku ya wazazi Amoit, msichana mpole kuliko wote darasani, alisimama kumkaribisha mwenyekiti wa kamati. "We're happy you've come." Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akanuna. Wageni walipoondoka akamwita mbele. "Unamfupishia mzee maneno? Huyo ni rika lako?" Akamvisha kibao.

Sijakueleza kibao. Ni kipande cha ubao chenye kamba, anavishwa mtoto aliyesikika akiongea lugha ya nyumbani hapa shuleni. Ukikivaa, unatega sikio mpaka umnase mwenzako akiongea Kiteso, ndiyo umpe yeye. Anayebaki nacho jioni anachapwa. Na huyu alisema Kiingereza! Kiingereza nilichomfundisha mimi! Nilimwambia mkuu kama kuna kosa ni langu. Akanijibu, "Madam, wewe umekuja juzi tu kutoka Pwani. Usituletee mambo."

Basi Amoit akakataa kumnasa yeyote. Wenzake wanaongea Kiteso mbele yake, yeye anaangalia chini. Jioni anachapwa yeye. Kesho yake vile vile.

Leo asubuhi nyanya yake amemleta akimvuta mkono, kibao bado kiko shingoni, mtoto analia kwamba shule hataki tena. Nilimwendea mbele ya gwaride zima nikamsalimu kwa Kiteso, kwa sauti: "Yoga noi, Amoit!" Akanikodolea macho. Nikarudia. Ndipo akaelewa, akakivua, akanivisha mimi, akaingia darasani. Sheria ni yao wenyewe, mkuu angesema nini? Aliniita ofisini, anataka niandike kuomba msamaha. Siandiki ng'o! Wakinifukuza, usishtuke ukiniona hapo mlangoni na sanduku.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, dada na mumewe, na shangazi wa kwaya. Muulize kama bado anagombana na mpiga kinanda.

Sasa ni jioni, watoto wameenda nyumbani. Kibao kiko shingoni mwangu. Nimekaa hapa ofisi ya walimu, mlango wazi, nangoja nione nani atakuja kunichapa.

Ni mimi mwanao,
Wakesho