Chumba Kisichotaka Hodi

Mwanga, Kigoma

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha masika kiwe kimekuacha. Migomba ya nyuma ya nyumba inaendeleaje? Mkweo Zaituni anakuamkia. Mwili wangu mzima, ila moyo haujatulia. Naogopa, Mama, na hapa sina wa kumwambia.

Unajua kazi yangu ni kusafisha picha katika duka la Mzee Rajabu. Padre mmoja anayetuletea filamu zake aliniambia kwamba kamera, kwa Kilatini, ni chumba tu. Warumi walilichukua neno kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa kitu chenye paa la kupinda, kama tanuri. Baadaye watu walijifungia katika chumba cha giza chenye tundu moja ukutani, na picha ya nje ikaangukia ndani, miguu juu kichwa chini. Kisanduku chetu kimerithi jina la chumba hicho. Nilicheka, nikamwambia, "Basi mimi, Padre, nashinda ndani ya kamera." Sasa sicheki.

Jumanne nilikuwa mle katika chumba chetu cha giza na filamu ya wakubwa waliokwenda kufungua kijiji kipya cha ujamaa. Filamu ikiwa mbichi, haijasafishwa, haitaki mwanga wowote, hata wa taa nyekundu. Nimeishika mkononi, mara nasikia mlangoni, "Hodi! Ni miye, baba yake Zaituni."

Mkwe, Mama! Wewe ndiye uliyenifunza kwamba mkwe hasimamishwi mlangoni, wala hajibiwi kwa kupigiwa kelele kutoka ndani. Kabla sijafikiri, mkono ulikwisha kuvuta komeo. Filamu nzima imetoka nyeusi tititi.

Ijumaa wanakuja kuchukua picha zao. Mzee Rajabu hali chakula. Anasema siku hizi jambo kama hili linaitwa hujuma, na mtu anawekwa ndani. Mkwe alivaa kanzu aende kusema, "Kosa ni la miye." Nikamshika mkono nikamsihi. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, hana hata karatasi moja. Wakianza kumuuliza habari za hodi, watamuuliza na alikotoka. Wakimvusha arudi, kule hana mtu tena. Zaituni hajui lolote, anaimba jikoni kama siku zote.

Basi nitasema nilisahau kufunga mlango. Mwambie mdogo wangu anayekusomea barua hii afunge mdomo wake, kisha aitie motoni. Niombee, Mama.

Nisalimie kaka mkubwa, shangazi unayekaa naye, na mwalimu aliyenifunza herufi hizi.

Mzee Rajabu amegongomea komeo la pili mlangoni. Amejisumbua bure. Mkwe akija tena akapiga hodi, najijua, nitafungua.

Mwanao akuwazaye,
Shabani