Pale Penye Jina

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nimealikwa! Mimi!

Nalangu alikuja dukani leo kuchukua dawa ya minyoo ya mbuzi wa baba yake. Alingoja wateja waishe, akaniinamia juu ya kaunta kama mtu aliye na umbea. Nikajua kuna kitu. Huyu si mtu wa kunong'ona — ni mwalimu wa muziki, na kwenye kwaya yetu anasikika mpaka stendi.

Kumbe ameumaliza! Ule mchezo wake wa nyimbo, wa jukwaani, ambao amekuwa akiuandika tangu mwaka juzi. Ni habari za mama yake, marehemu Naserian, aliyeuza maziwa kando ya barabara ya Namanga mpaka watoto wakasoma wote. Unaitwa "Vibuyu". Jumamosi utasomwa kwa mara ya kwanza, nyumbani kwake hapa Kitengela, mbele ya watu wachache aliowachagua mwenyewe. Hakuna kurekodi. Hakuna picha. Hakuna kumwambia mtu. Nimeapa huku nimeshika mkebe wa dawa ya kupe.

Wiki ijayo utasomwa tena Kajiado, kwa baba yake, Mzee Lemein. Hapo ndipo penyewe. Kuna ukumbi Nairobi unautaka Desemba, lakini Nalangu amesema wazi: Papa, ndivyo anavyomwita baba yake, akikataa, hakuna jukwaa. Ni mke wake anayeimbwa.

Mimi najua wimbo mmoja tu, ule wa mwisho, kwa sababu una mkono wangu. Mwaka jana Nalangu alikuwa amekwama. Ana tuni, hana maneno. Nikamwambia, hapo maneno ya nini? Mwite mama yako jina. Kwetu Ukambani mtu akifa, jina lake halizikwi, linarudi kwa mtoto. Kalunde wangu ana jina la marehemu mama, na mimi humwita "mwaitu", yaani mama yangu, hata nikimtuma chumvi. Nalangu alinikumbatia siku hiyo mpaka miwani ikapinda. Na-se-ri-an. Sauti nne, zinapanda kisha zinashuka. Lo, tamu!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimesuka. Mume wangu Muteti ameuliza ni harusi ya nani. Nimesema ni mambo ya kwaya, na si uongo kabisa.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kukaa chini. Naandika nimesimama jikoni, ugali unaniangalia.

Nilienda na ile nguo yangu ya kijani yenye mabega yaliyotuna. Nilidhani kutakuwa na pazia, taa, watu waliopakwa rangi. Nikakuta viti vya plastiki, kinanda, jagi la chai na watu wenye sweta! Baridi ya Agosti haina heshima. Nikajikunja kwenye kona na mabega yangu. Oyoo, anayepiga kinanda, akaniuliza kama mimi ndiye ninayefunga ndoa. Mjinga. Lakini anapiga kama malaika.

Nalangu akatueleza. "Ni reading tu, wapendwa. Hakuna kuigiza. Tunasoma, tunaimba, mnatuambia wapi panachosha."

Halafu simu ikalia. Yule dada wa Nairobi anayeimba sehemu ya mama amepata kazi kwingine. Haji. Hata wiki ijayo haji. Nalangu akashika kichwa. Akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akaniangalia mimi — na nguo yangu.

"Phylis, shika."

Nikashika! Nikasoma mstari wa Oyoo badala ya wangu, watu wakacheka. Kisha nikasahau kuogopa. Kuna wimbo wa askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, wanaomwaga maziwa yake, naye anawaimbia matusi ya adabu — tulivunjika mbavu. Kuna ule wa mvua. Kuna ule ambamo anatembea na vibuyu alfajiri akihesabu watoto badala ya maili. Miaka yote hii nauza dawa za ng'ombe, kumbe nilikuwa na sauti kama hiyo kifuani na sijui!

Na mwisho. Naserian, Naserian. Mara tatu. Mara ya kwanza peke yangu, ya pili na Nalangu, ya tatu watu wote. Hapo Nasieku, shangazi yake Nalangu, dada yake Mzee Lemein, akaweka kikombe chini akatoka nje. Hakurudi. Nimemliza mtu! Mimi, Phylis wa duka la dawa, nimemliza mama mzima mpaka akatoka!

Nalangu ameniambia mlangoni: Kajiado ni wewe. Na Mzee akikubali, Desemba pia ni wewe.

Desemba. Jukwaani. Mimi.

Ugali umeungua.

Jumapili, 10 Agosti

Siri imekwisha. Nimekuwa nikifanya mazoezi nikifua, na Kalunde ana masikio. Leo kanisani kaimba "Naserian" kwenye foleni ya choo mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakadakia. Muteti amejua yote. Hakukasirika. Amesema tu kwamba kama ni watu kusoma wamekaa kwenye viti, Kalunde anamsomea kila jioni na hataki makofi.

Lakini alipokuwa akisafisha lori lake nimemsikia akipiga mluzi. Ule ule wimbo!

Jumanne, 12 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nasieku amekuja dukani. Nikamkaribisha kwa shangwe, nikamvutia kiti, nikamuuliza kama bado anautafakari ule wimbo. Nilikuwa natafuta sifa, acha niseme ukweli. Akakaa. Akasema hakulia.

Amenieleza polepole, bila hasira. Kwao mtu akishazikwa, jina lake halitajwi tena nyumbani mwake. Anasemwa kwa njia nyingine. Vijana wengi wameacha, na Mzee Lemein mwenyewe ni mzee wa kanisa, lakini hilo hajaliacha. Tangu mazishi, kwa miaka sita, hakuna aliyesema jina hilo kwenye boma lile. Kuna msichana wa jirani mwenye jina hilo hilo. Akiingia pale kuomba chumvi, anaitwa jina lingine, na mwenyewe anaitika.

"Nyinyi mnaenda kumwita mtu amelala," akasema. "Tena kwa kinanda."

Nilisikia joto mpaka kwenye nywele. Mara tatu! Nilimwimba kwa nguvu zangu zote, mara tatu, nikimtazama huyu mama usoni nikidhani namfurahisha.

Nikauliza, na Nalangu je, hajui? Nasieku akacheka kidogo. Anajua. Lakini amekua kwenye mabweni, anafikiri hayo ni mambo ya kina nyanya. Na wimbo ulikuwa mtamu. Kitu kitamu kinasahaulisha mtu.

Nimetaka kuliandika hapa jina lenyewe sasa hivi na mkono umekataa. Nitasema Mama Nalangu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia Nalangu. Kwanza akawaka — eti shangazi anaingilia, eti mchezo wote unatembea kuelekea jina lile, ukilitoa umebaki na mwanamke na vibuyu vyake barabarani, umefika wapi? Kisha akalia. Amesema amekuwa akiogopa hilo tangu mwanzo, na alijiambia kwamba Papa akisikia uzuri wake atasahau.

Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyelileta. Akasema hapana, wewe ulileta la kwenu, mimi ndiye niliyejua la kwetu.

Anataka kufuta safari ya Kajiado. Na mimi — nitaandika kwa sababu hakuna anayesoma — sikumfikiria Mzee kwanza. Nilifikiria Desemba. Moyo umeniuma kama mtoto aliyeonyeshwa peremende ikarudishwa mfukoni.

Nimemwambia Kalunde asiimbe tena lile jina. Kwa nini? Kwa sababu mwenyewe amekufa. Akanitazama. "Kwani nyanya si alikufa na mimi mnaniita?"

Nikamwambia amalize maharagwe.

Alhamisi, 14 Agosti

Tunaenda! Tunaenda!

Tumekutana kwa Nalangu baada ya kazi. Tumejaribu kila kitu. "Yeyo, yeyo" — ni mama kwa Kimaasai, lakini kwenye tuni hiyo inasikika kama mtoto anayedai uji. "Mama Nalangu" — mwenyewe amekataa, eti ni kama anajisifu kwenye mchezo wake mwenyewe. Tukajaribu kuguna. Tukafanana na ng'ombe waliovimbiwa, na mimi nawajua.

Oyoo alikula mandazi yote. Kisha akasema, "Si mliache tu hilo jina. Mimi nitapiga zile note nne, nyinyi mnyamaze."

Nikapinga. Hapo ndipo sauti yangu inapofika juu kabisa! Nani anaenda kusikiliza mtu akinyamaza?

Tukajaribu. Tukaimba mpaka pale, tukafunga midomo. Kinanda peke yake — kinapanda, kinashuka. Nywele za mkono zikanisimama. Nalangu akageukia dirisha. Hakuna aliyesema "tuiache hivyo". Iliachwa tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimejaribu kunyamaza mbele ya kioo. Ni kazi. Mdomo unataka kufunguka wenyewe.

Muteti amesema angelipa hela nzuri kuona hilo.

Jumamosi, 16 Agosti. Kajiado

Naandika nyuma ya tangi la maji, juu ya jiwe, karatasi za mchezo zikiwa pajani. Wengine wako kwenye chai.

Acha niseme kwa mpangilio.

Tulifika mapema. Mzee Lemein ni mrefu, mwembamba, koti juu ya shuka, kofia mkononi. Alinisalimia, "Takwenya." Nikajibu "Iko," kama Nasieku alivyonifundisha, akafurahi. Akaniuliza kama mimi ndiye wa duka la dawa. Ndiyo, Papa. Akasema ile dawa ya minyoo ni nzuri, mbuzi wamenona. Nikaona mambo yamekaa sawa!

Sebule ni ndogo. Kinanda dirishani, sisi ukutani, Nasieku kwenye kochi. Kuna kiti kizuri alichowekewa. Hakukikalia. Alichukua kigoda chake akakiweka mlangoni, nusu ndani nusu nje, uso kwa mbuzi. Nalangu alinibana mkono mpaka ukauma.

Tukaanza. Mwanzoni hakutuangalia. Kisha ukaja wimbo wa askari — na akacheka! Alicheka akipiga goti kwa kofia. Akasema kwa sauti, "Hata mimi nilikuwa hapo, ndio hivyo aliwaambia!" Nalangu akashindwa kusoma mstari uliofuata. Kwenye wimbo wa mvua alirekebisha kitu: haikuwa Machi, ilikuwa Novemba, na punda alikuwa mmoja, si wawili. Oyoo akaandika. Tulikuwa tunapaa! Niliona Desemba kwa macho yangu, taa na pazia na nguo ya kijani.

Ukafika wa mwisho.

Nikaimba mpaka pale. Nikafunga mdomo. Kinanda kikapanda, kikashuka.

Mzee akaacha kuangalia mbuzi.

Mara ya pili akageuka kabisa. Hakumwangalia Nalangu. Aliniangalia mimi, mdomo wangu, akingoja kuona kama utafunguka. Nilikaza meno. Sijawahi kuimba kwa nguvu kama nilivyonyamaza pale.

Mara ya tatu hatukumaliza. Alisimama, akavaa kofia, akatoka. Oyoo akamaliza peke yake, kisha na yeye akaacha. Nalangu akakaa sakafuni na mgongo ukutani. Akasema basi, imekwisha, nilijua. Nasieku akaenda kuchemsha chai bila kumwangalia mtu. Mimi nikaja huku, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka waone. Si kwa ajili ya Desemba. Au labda kidogo.

Sasa. Hiki ndicho kilichonifanya nitoe kalamu.

Zizi la mbuzi liko upande wa pili wa tangi hili. Mzee yuko huko. Hajui niko hapa. Ndani Oyoo ameanza kuchezea kinanda, zile sauti nne tu, mara nyingi nyingi, vile hufanya akiwa na wasiwasi.

Na Mzee anazifuata! Anaguna. Sauti ya chini, mbovu kidogo. Inapanda, inashuka. Hakuna neno ndani yake. Akanyamaza. Akaguna tena. Mbuzi mmoja akamjibu, Mzee akamfukuza.

Nimeziba mdomo kwa karatasi nisipige kelele.

Ameondoka pale. Nasikia viatu vyake vya matairi kwenye changarawe. Anaongea na Nasieku mlangoni, Kimaasai, siwezi kushika. Nasieku amejibu neno moja. Sasa Nalangu anaita — Phylis! Phylis uko wapi? Papa anataka turudie ule wa mwisho.

Nimesogea nikachungulia dirishani. Ameingia na kigoda chake. Hakukiweka mlangoni. Amekiweka kando ya kinanda, mkabala na pale ninaposimama mimi, na amevua kofia.

Sijui anataka nini. Sijui tukifika pale atafanya nini, au nani ataimba. Nalangu anaita tena. Naenda. Mdomo wangu nitaufunga, nitamtazama yeye, na Oyoo akipiga ile sauti ya kwanza, nafasi ile nitamwachia yeye.