Mwenyeji Asiyekula na Wageni

Msambweni,
Kwale.
12 Agosti, 1965

Mpendwa kaka Mbwana,

Assalamu alaikum, na shikamoo. U hali gani na baridi ya huko Leeds? Kile kifua kimepona? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mihogo imekubali, na mbuzi wa Mama amezaa mapacha ambao kutwa wamo jikoni.

Sasa nikupe habari iliyotukosesha usingizi. Juzi lilikuja gari la sinema, lile la kutangaza sabuni. Tulipokwisha kuonyeshwa namna ya kufua, wakatuwekea picha ya kutisha. Wasafiri wamefika nchi ya ugenini, gari limewaharibikia, wanapokewa katika nyumba nzuri na bwana mwenye tabasamu. Anawaandalia kuku na mikate, kisha anawachinja mmoja mmoja. Damu ilikuwa nyingi, kaka, hata nikadhani itachuruzika kutoka kwenye lile shuka jeupe la sinema.

Kiingereza chao hakuna aliyekifuata, lakini muuaji tulimjua mapema. Aliwapa wageni chakula, naye akasimama kando akiwatazama, mkono hakutia. Uwanja mzima uliguna. Mama alisimama kabisa, akawaambia, "Msile, wanangu. Mwenye nyumba hajala nanyi." Wakala.

Nisikufiche, nilifurahi mno. Nadhani utamu wa picha hizi ni kwamba wanaochinjwa wako mbali na kwao, na wewe umekaa mkekani kwenu, bega kwa bega na shangazi Mwanatumu, mnatafuna njugu. Ukiogopa, unamshika mkono. Tulirudi tukicheka na kusukumana njia nzima, na Mama ndiye aliyecheka kutushinda sote.

Tulipofika mlangoni akanishika mkono. Akaniuliza, "Mwanasha, yule bibi wa Kizungu aliyempangisha Mbwana chumba, hula naye?"

Nami kwa upumbavu wangu nikasema kweli, kwamba uliandika kuwa yeye hukuletea sahani chumbani, akafunga mlango, akaenda zake. Tangu hapo nyumba haina raha. Mama anataka uache masomo urudi na meli ya kwanza. Amekwisha kumwagiza ami Chirau akuandikie, na ami unamjua, hawezi kumbishia.

Nimemweleza kwamba huko kila mtu na sahani yake. Kanijibu kwamba hata yule wa sinema alikuwa na sahani nyingi.

Kwa hiyo nakuomba, usimjibu ami kwanza. Mkaribishe bibi huyo. Pika wali, upakue katika sahani moja, mle pamoja, kisha utuandikie alikula vipi na alisema nini. Usitunge, Mama atajua. Mimi nataka umalize masomo yako. Lakini hata mimi sasa najiuliza huko unakula na nani. Pale mkekani nilisahau kwamba nyumba yetu nayo ina msafiri.

Shangazi Mwanatumu na ami Chirau wanakusalimu sana. Mama pia anakusalimu. Siku hizi tukikaa kula hulisogeza tonge la kwanza upande wako wa sinia, kisha hulila yeye mwenyewe, ili isije ikasemwa kwamba hata mama yako hakula nawe.

Mwenyezi Mungu akujaalie wenyeji wema.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanasha