Jina Ukingoni mwa Nishani

Kahama, Jumanne

Mimi si mwizi. Shemeji wa yule mjane ndiye aliyeniuzia nishani ya marehemu, nami nikaiweka kwenye kopo pamoja na nishani nyingine saba nilizonunua, za vita vya Wajerumani.

Leo mjane mwenyewe amekuja kwa miguu kutoka Segese.

"Baba Zaituni, mume wangu alifia upagazini, akibeba mizigo ya jeshi, hana kaburi. Naambiwa jina lake limechongwa ukingoni. Tunataka kulitambikia."

Hajui kusoma. Nikamtolea nishani; akapitisha kidole ukingoni, akakizungusha mara mbili. Hakuna kitu. Jina nililisugua mwenyewe kwa tupa, eti nishani ing'ae!

"Umempeleka wapi?" akaniuliza.



Ameondoka. Nimezipapasa zile saba, moja moja. Zote ni laini ukingoni.