Simu za Kusubiri Mgeni Rasmi

Katesh, Jumatano

Hata chakula hakikushuka. Nimenawa mikono kwa sabuni mara mbili na bado nasikia harufu ya ile simu niliyokwenda kuikagua kwenye wodi ya wazazi, kituo cha afya kule Basotu.

Betri imevimba mpaka mfuniko umeachia, wakaufunga kwa plasta ya vidonda. Pale pa kusemea pameganda uchafu wa midomo ya watu. Kinyaa! Nilimwamkia nesi, mama wa umri wa mama yangu, nikamuuliza dharura ikitokea usiku anamwitaje daktari.

"Nakimbia, mwanangu. Namwacha mzazi kitandani nakimbia mpaka nyumbani kwake. Juzi nimeanguka kwenye matope."

Nikadhani simu mpya walizoahidiwa hazijafika. Kumbe zimo kabatini kwa mganga mfawidhi, na nailoni zake! Nikamwendea huyo mganga, nikamwambia nizifunge leo leo, ni kazi ndogo.

"Hapana, fundi. Zinasubiri mgeni rasmi aje azizindue. Utepe tumeshanunua."

Na huyo mgeni hajasema anakuja lini. Upuuzi mtupu. Mzazi mwenye uchungu naye asubiri utepe?

Halafu, bila haya, akaniomba nichaji moja tu, ile atakayoishika mgeni, isije ikamwaibisha wakati wa picha.

Nimeichaji. Nilipoijaribu ililia kwa sauti nzuri, hata nesi akaja kuchungulia dirishani, uso umemchangamka.

"Ndiyo yetu hiyo?"

Mganga aliichukua mkononi mwangu, akaifuta alama za vidole vyangu, akairudisha kwenye nailoni.