Ulivyomtoa Farasi kwa Neno Moja

Baba Samah,

Salamu nakupa, ila kwa shingo upande. Wali wa jana umo frijini. Wageni wako wa jioni wapikie mwenyewe.

Leo asubuhi mgeni wako wa Sinaw kasema mara moja tu, "Mashallah, farasi gani huyu!" Nawe papo hapo, "Chukua, ni wako." Akampakia farasi wetu Lulu, akenda zake. Ndiyo ada yetu, najua: mgeni akisifu kitu, hupewa. Lakini umemuuliza Samah? Binti yako mzima alijifungia chumbani tangu ile ajali, hasemi na mtu, mpaka Muadh, mfunza farasi wetu, alipomzoesha Lulu kutia kichwa dirishani kwake kila asubuhi. Msichana kaanza kucheka kwa ajili ya farasi yule. Na ya Muadh pia, kama hujaona.

Kuku wape maji.

Tumekwenda Sinaw, mimi, Samah na Muadh, kwa pikapu yake na tela. Nitakaa na mke wa mgeni wako, ninywe kahawa yake, nimsifu Lulu mpaka waniambie, "Chukua." Akirudi, ni wangu, si wako.

~~Posa ya Muadh kwa Samah nimeikubali.~~ Hilo nakuachia wewe, baba mtu. Lakini ukithubutu kukataa!

Funguo za gari lako jipya usihangaike kuzitafuta. Kaka yangu Badar kapita kutusalimu, akalisifu.

Nikamwambia, "Chukua, ni lako."

Mama Samah